Mianzini Siyo Hifadhi

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili msisumbuke kumtafuta mwingine. Lile neno niliweka mimi. Neno moja tu, tena zuri, Kiswahili safi kabisa, nikalibandika mwisho wa jina la faili, nikajipongeza, nikaenda kunywa chai. Niliporudi sikuona madhara yoyote. Madhara yalichelewa kidogo, maana katika nchi yetu ya Hewala hata balaa lazima lipitie masjala kwanza.

Hewala ni nchi nzuri. Msiitafute kwenye ramani. Ramani iko kwa Waziri, na Waziri yuko safarini. Sisi Wahewala ni watu watulivu. Ukituambia jambo lolote tunajibu "hewala," halafu tunarudi nyumbani kufikiria tumekubali nini.

Mimi ni Ofisa wa Kompyuta wa Wilaya. Nina stashahada ya fani hiyo, na kwa sababu ya stashahada hiyo ndimi peke yangu ninayeruhusiwa kubadilisha betri ya saa ya ukutani.

Sasa, wafadhili walituletea laptopu. Laptopu ndogo. Mkuu wa Wilaya yetu, Mheshimiwa Sindabaha, ni mtu mwenye mwili unaolingana na cheo, na siku ya makabidhiano aliipakata ya kwake mbele ya wapiga picha ikapotea. Walimtafutia chini ya meza, chini ya kiti, mpaka aliposimama kuimba wimbo wa taifa ndipo ikadondoka.

Udogo haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nguvu. Ile programu kubwa ya kuandikia, inayotumiwa na ofisi zote zenye kompyuta zilizoshiba, ukiifungua kwenye laptopu hizi zilikuwa zinavuma kama mashine ya kusaga. Ukibonyeza asubuhi, ukurasa unafunguka watu wakiwa wanaaga. Dada wa masjala alikuwa anaweka sambusa zake juu ya ile laptopu zisipoe, na akasema ndiyo faida pekee aliyoiona ya maendeleo.

Nikahangaika, nikapata programu nyingine mtandaoni. Ndogo, haina makuu. Inafungua hati, unasoma, unarekebisha, unaendelea na maisha yako, na laptopu yenyewe haijui hata kama imefanya kazi. Haidai chochote. Nikapeleka pendekezo kwenye kikao, na kwa ushamba wangu nikasema ukweli: hii ni programu nyepesi, ya bure.

Kikao kizima kikanigeukia.

"Nyepesi," akasema Mheshimiwa Sindabaha.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na ya bure."

"Ndiyo."

"Bure ya kupewa, au bure kama wewe hapo?"

Kikao kikacheka. Na mimi nikacheka, kwa kiwango cha cheo changu.

"Bwana Eliudi," akaendelea, "Serikali ni kitu kizito. Sasa wewe unataka maamuzi mazito ya Serikali yaandikwe ndani ya kitu chepesi. Yakikipasua?"

Ikaundwa kamati ya kupima uzito wa programu. Msidhani natania. Wakaleta mizani kutoka Idara ya Mifugo, ile ya kupimia ndama, wakapima laptopu kabla sijaiweka programu, nikaiweka, wakapima tena. Uzito haukubadilika. Mwenyekiti wa kamati akaizunguka mizani kama anayetaka kununua, akauliza, "Una uhakika imeingia?" Nikasema imeingia. Akaandika kwamba programu imeonekana kuwa na adabu.

Ikapitishwa, kwa sharti moja: vitufe vyake vyote viwe kwa lugha ya taifa. Hapo ndipo nilipofurahi. Kazi ya kutafsiri ni tamu, na sikuwa na wa kunibishia. Pa kufungulia hati nikapaita Fungua, pa kufungia nikapaita Funga. Kata, Bandika, Futa. Kile cha kutunza maandishi yasipotee nikakiita Hifadhi. Na kile cha kurudisha nyuma ulichokosea, kile kinachookoa ndoa za makarani, nikakiita Tendua.

Kamati ikavipitia vitufe kimoja kimoja. Futa walikipenda sana, wakaomba kikuzwe. Walipofika Tendua, mwanasheria wa wilaya akavua miwani.

"Hiki kinafanya nini?"

"Kinarudisha nyuma, mwanasheria. Ukikosea."

"Nani akikosea?"

"Anayeandika."

"Anayeandika ni nani?"

"Serikali."

Akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa anayejisifia afya. "Serikali haitendui, Bwana Eliudi. Kiondoe."

Nikakiondoa. Nilikitoa kwa mkono wangu, kwenye kila laptopu ya wilaya, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kumaliza kazi, nikahakikisha hakiwezi kurudishwa.

Halafu ndipo nikafanya lile kosa. Makarani walikuwa wanachanganya hati zilizokwisha na zile ambazo bado. Nikaona niwasaidie. Nikaielekeza programu kwamba mtu akibonyeza Hifadhi, jina la faili liongezewe neno lenyewe mwishoni. Ukiona faili limeandikwa "Ratiba ya Usafi – Hifadhi," unajua limetunzwa, tulia. Nikaenda kunywa chai, kama nilivyowaambia.

Mianzini ni kitongoji cha wilaya yetu, upande wa bondeni. Kina mianzi, watu, mbuzi, na kisima kirefu chenye pampu. Pampu ilikuwa imekufa. Watu walikuwa wanateka kwenye lambo la ng'ombe, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto walikuwa wanaharisha kwa zamu. Mwenyekiti wao wa maji alikuwa Mwalimu Sekela, mama mstaafu aliyefundisha nusu ya wilaya kusoma, pamoja na mimi. Akaja ofisini na kanga yake mabegani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Bado unaandika 'h' kama kiti kilichovunjika?"

"Siku hizi naandika kwa mashine, mwalimu."

"Afadhali. Basi iambie mashine yako iandike kwamba Mianzini tunaomba pampu. Hatuombi mpya. Tunaomba fundi aje kuitazama tu. Ikimwona mtu inaweza ikaona aibu ikaamka."

Nikaandika. Aliniandikisha kama imla, nukta na mkato akivitaja. Tulipomaliza akaniinamia begani kutazama kioo.

"Ihifadhi vizuri," akasema. "Isije ikapotea kama zile za karatasi."

Nikabonyeza. Jina likakaa pale juu, safi: "Kitongoji cha Mianzini – Hifadhi." Nikalituma kwa wakubwa. Mwalimu akanipa ndizi, akaondoka.

Hapa inabidi niwaeleze jinsi wakubwa wetu wanavyosoma. Hawafungui hati. Si uvivu, ni busara ya kazi. Ukiifungua hati, umeisoma. Na aliyesoma anaulizwa. Kwa hiyo mkubwa mwenye uzoefu anasoma majina ya mafaili tu, kutoka juu kwenda chini, huku mikono iko mbali na mashine ili asije akafungua kwa bahati mbaya.

Na majira yale ndiyo Rais alikuwa ametoka kuhutubia kwamba kila wilaya iwe na hifadhi yake ya wanyama, na wilaya isiyo na hifadhi ijieleze. Mheshimiwa Sindabaha alikuwa hajalala vizuri tangu hotuba ile. Akapitisha macho kwenye orodha. Mahudhurio ya Watumishi, Hifadhi. Choo cha Stendi, Hifadhi. Kitongoji cha Mianzini, Hifadhi.

Akapiga simu wizarani kusema wilaya yake imeshatekeleza.

Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nanyoa ndevu. Choo cha stendi nacho kilizungushiwa kamba kwa siku kadhaa, na abiria wakaombwa wasibughudhi viumbe waliomo, mpaka mwenye mabasi mmoja alipompigia mtu wake. Mianzini haikuwa na mtu wa kumpigia.

Mkutano ukafanyika palepale kisimani, kwa sababu ndipo penye uwazi. Mheshimiwa Sindabaha alisimama juu ya zege la ile pampu iliyokufa ili aonekane vizuri.

"Ndugu wananchi," akaanza, akajirekebisha, "ndugu majirani wa hifadhi. Nimekuja kuwapongeza. Kwa vizazi vingi mmeishi ndani ya urithi wa taifa bila kujua, na bila kibali. Serikali imewasamehe. Inachoomba ni mhame tu."

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hii hifadhi ni ya wanyama gani?"

"Wanyama wa Serikali."

"Wako wapi?"

"Wako njiani."

"Maana hapa mnyama aliyepo ni beberu wa Mama Tumpe."

"Huyo beberu," akasema Mheshimiwa, "kuanzia leo ni mvamizi."

Watu wakacheka, maana bado walidhani ni mkutano wa kawaida. Mama Tumpe akamvuta beberu wake karibu, akamwambia, "Umesikia? Umepandishwa cheo."

Mwalimu Sekela hakucheka. Akasimama. "Mheshimiwa, sisi tuliomba pampu."

"Maombi yote yamepokelewa, mama."

"Mliyasoma?"

"Yamepokelewa," akarudia Mheshimiwa, kwa sauti ya mtu aliyeepuka shimo. "Na kama kuna maswali ya kitaalamu, msiwe na wasiwasi. Wizara imeniahidi kwamba wiki ijayo inamleta mbuni. Mbuni mwenyewe. Huyo ndiye atakayekaa nanyi."

Mwalimu akatulia kidogo. Mbuni wa mradi, mtu aliyeubuni, akija mwenyewe si angalau kuna wa kuongea naye. Siku zile zote akakaa anaandaa maswali. Akaniita nimsaidie kuyapanga: la kwanza maji, la pili maji, la tatu tuhamie wapi penye maji. Akafua kanga. Akinamama wakapika.

Lori likaja. Likashusha kibao, nyaya za uzio, na ndege mmoja mkubwa mwenye shingo ndefu na macho ya mtu aliyeamshwa. Mbuni. Tena wa kuazima kutoka hifadhi nyingine, mzee, amenyonyoka upande mmoja.

Mwalimu akamwangalia. Mbuni naye akamwangalia mwalimu.

"Eliudi," akaniambia polepole, "muulize wewe. Mimi nimesahau swali la kwanza."

Watu wakahamishiwa kwenye mteremko wa mawe, ng'ambo ya lambo. Nikaenda kwa Mheshimiwa Sindabaha kukiri. Niliona lazima. Nilimkuta ofisini anatazama orodha ya mafaili, mikono amekunja kifuani kwa usalama.

"Mheshimiwa, Mianzini si hifadhi. Ni kitufe."

"Kitufe gani?"

"Hifadhi, maana yake hati imetunzwa. Ni neno nililoliweka mimi. Hati yenyewe inaomba fundi wa pampu. Ukiifungua tu utaona."

Akasogeza kiti nyuma, mbali na laptopu. "Unataka kuniambia Serikali imehamisha watu kwa sababu ya kitufe."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Serikali inaweza kuhamisha watu kwa sababu ya kitufe?"

"Haiwezi, mheshimiwa. Lakini…"

"Basi. Kama haiwezi, haijafanya. Umejijibu mwenyewe na stashahada yako."

"Naomba tuitendue, mheshimiwa."

"Kitufe cha kutendua kiko wapi?"

Nikatazama saa ya ukutani.

"Nauliza kiko wapi?"

"Tulikiondoa."

"Nani alikiondoa?"

"Mimi. Kwa maelekezo."

"Basi ulitekeleza vizuri," akasema kwa upole, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alinikaribisha hata chai. "Tatizo lenu vijana wa kompyuta, mnafanya kazi nzuri halafu mnataka kuiharibu."

Nina miaka hamsini na kitu. Ile "vijana" ilinifariji kidogo.

Nikaona nitumie akili. Kama wanasoma majina tu, basi nitawaandikia ndani ya jina. Nikafungua hati mpya, nikaipa jina ambalo hata aliyesinzia angelielewa: "Mianzini Siyo Hifadhi." Nikakagua herufi. Nikaona iko sawa. Nikabonyeza kuitunza.

Najua mmeshajua. Mimi sikujua mpaka nilipokwisha kuituma. Pale juu palisomeka: "Mianzini Siyo Hifadhi – Hifadhi."

Mheshimiwa akapigiwa simu ya pongezi. Wilaya nyingine zinahangaika kupata hifadhi moja, yeye amepata ya pili. Mteremko ule wa mawe ambako watu wa Mianzini walikuwa wamehamishiwa ukawekewa kibao kipya, rangi ya kijani, kimeandikwa: KARIBU MIANZINI SIYO HIFADHI. Wageni wakifika pale wanakisoma, wanauliza, "Kumbe siyo?" Mlinzi anawajibu, "Ndiyo, hii ndiyo Siyo."

Wakahamishwa tena, sasa nje kabisa, kwenye ukanda mwembamba kati ya nyaya za hifadhi ya kwanza na nyaya za hifadhi ya pili. Lambo la ng'ombe likabaki ndani. Maji ya rangi ya chai ya maziwa waliyokuwa wanayalalamikia, sasa wanayasimulia kama watu wanavyosimulia harusi.

Nilijaribu kuirudisha ile programu ya zamani, nzito, angalau isiyoongeza maneno. Kamati ikakataa. Ikasema programu nyepesi imeonyesha matokeo makubwa kuliko uzito wake. Nikajaribu kuliondoa lile neno kwenye majina. Nikaambiwa maneno yaliyokwisha kuingia kwenye gazeti la Serikali hayaguswi na mtu wa stashahada. Nikamwomba dada wa masjala anisaidie, yeye anakaa karibu na wakubwa. Akasema, "Kaka Eliudi, wewe si ndiye uliyenipozea sambusa? Tulia na yako."

Halafu pampu ikatengenezwa.

Kweli. Mbuni alikuwa anahitaji maji, na mbuni wa Serikali hawezi kunywa kwenye lambo. Fundi alikuja, akaitazama, akafungua, akafunga, na kama mwalimu alivyosema, ikaona aibu ikaamka. Wakaiwekea na tangi na bomba na karo la saruji. Kutoka kwenye ule ukanda wa nyaya unaisikia siku nzima inavyopiga, na upepo ukija upande wako unanusa zege lililolowa.

Jana nilikwenda kumwona Mwalimu Sekela. Nilikwenda na laptopu yangu, ndogo kama sahani, kwa mazoea tu. Nilimkuta anatoka na ndoo. Mjukuu wake alikuwa ndani amelala, midomo imekauka, na kinamama waliotumwa mtoni walikuwa bado hawajarudi, maana maji yaliyobaki ni ya mto, nao ni mbali, kuzunguka hifadhi zote mbili.

"Twende," akaniambia. "Zamu ya leo ni ya Mlawa. Mlawa nilimfundisha."

Mlawa alikuwa mlinzi wa uzio. Kofia mpya, viatu vipya, uso uleule. Alipomwona mwalimu akasimama wima kabla hajakumbuka ana bunduki.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba Mlawa. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Hata yeye hana maji."

"Nimekuja kuomba ndoo moja. Bomba liko pale nyuma yako. Mimi siingii. Nakupa ndoo juu ya waya, unanirudishia juu ya waya."

Mlawa akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mbuni alikuwa kwenye karo, anakunywa kidogo, anainua shingo, anatufikiria, anakunywa tena.

"Mwalimu, utaratibu unakataza ombi la mdomo," akasema. "Lazima liwe kwa maandishi. Likiwa la mdomo siruhusiwi hata kujibu."

"Hewala," akasema mwalimu, akanigeukia. "Eliudi, andika."

Nikakaa chini, nikafungua laptopu. Ikafunguka palepale, kabla sijatoa kidole, ndivyo ilivyo, sina ninaloweza kuilaumu. Akaniandikisha kama imla. Tunaomba ndoo moja ya maji, nukta. Ni ya mtoto, nukta. Nikamaliza, na kidole changu, kwa mazoea, kikaenda kule juu.

"Usihifadhi," akasema mwalimu.

Nikakirudisha.

Nikainuka, nikainua laptopu juu, nikaigeuza ielekee kule ndani ya uzio, karibu kabisa na uso wa Mlawa. Akaanza kusoma. Nilimwona midomo inavyocheza, silabi kwa silabi, jinsi alivyofundishwa. Akafika kwenye "ndoo." Hapo nadhani akakumbuka kile wanachokumbuka wote, kwamba aliyesoma anaulizwa. Midomo ikasimama. Akafumba macho, taratibu, kama mtu aliyeingiwa na vumbi, halafu akatugeuzia mgongo.

Pampu ikaendelea kupiga. Mimi nilibaki nimeinua ile laptopu. Ni nyepesi, nimeshasema, lakini ilianza kuwa nzito.

Mwalimu Sekela akaweka ndoo chini, akashika waya kwa vidole, akasema kwa ile sauti yake ya darasani, ya upole, ile ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuikatalia:

"Mlawa. Soma mpaka mwisho."